Njia Nyeupe

Februari. Dirisha limeota manyoya ya barafu.
Ramani imelala mezani kama mgonjwa,
pembe tatu zimeshikwa na vikombe,
ya nne na kikaango cha chuma cha Wiesiek
ambacho, narudia, hakiendi.

Niliinunua mnadani Sokółka pamoja na buli lisilo kifuniko.
Ina umri wa mwanangu, na kama yeye
inajua kwa uhakika mambo yaliyokwisha kubadilika.
Barabara nyekundu ni za malori.
Za njano ni za wenye haraka.
Nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo,
hizo ndizo zetu, kutoka hapa hadi Frombork, hadi maji.
Natumia penseli. Wino una kiburi.

"Mbona unazunguka?" anauliza Wiesiek,
kidole chake kikikata msitu katikati.
"Hapa ni kilomita arobaini. Wewe umezifanya sabini na mbili."
Sikumjibu. Alikuwa amekaa upande wa sikio bovu.

Hesabu iko nyuma ya bahasha ya kiwanda,
ileile iliyotuletea barua ya kutuaga:
zloti mia tisa, watu wawili, siku kumi na nane.
Mkate, vitunguu, mayai ya kuomba kwa adabu.
Viraka kumi na viwili. Spoku tatu za akiba.
Tairi za mbele mpya; za nyuma zitavumilia, kama sisi.
Hema la shemeji, linalonuka samaki na ugomvi.
Kulala: uani kwa zimamoto wa vijiji,
kuna nyasi fupi, na wao hawana usingizi wa kuibiwa.
Kurudi: treni, ikibaki nauli.
Isipobaki, barabara itakuwa bado ipo.

Na maji ni bure, nikamwambia,
kila kijiji kina makaburi, kila makaburi yana bomba,
na wenyeji wa pale hawamuulizi mgeni atokako.
Alicheka hadi akashika meza.
Kisha akaacha, akachukua penseli,
akachora msalaba mdogo karibu na Lipsk.
"Mama yupo hapa," akasema. "Hapa tujaze chupa zote."

Saa nne usiku alirudia swali lake la kilomita,
safari hii akiwa amezunguka meza.
Basi nikamweleza.
Miaka thelathini na mmoja mashine ya kutoboa vifungo
ilikuwa ikinipigia kelele upande wa kushoto,
hadi upande huo ukachoka, ukafunga duka.
Na malori hupita kushoto, Wiesiek.
Mimi sitafuti utulivu, ninao wa kutosha kugawa.
Natafuta barabara ambako kimya ninachokisikia
ni kimya kweli.

Hakusema pole. Angesema, ningekunja ramani.
Alivaa koti, akashuka ngazi hadi stoo ya chini;
nilihesabu dakika kwa saa ya ukutani, si kwa hatua zake.
Akarudi na kioo cha pikipiki yake marehemu,
akakifunga kwa ukanda wa tyubu iliyokufa
kwenye usukani wa baiskeli yangu, pale koridoni, kushoto,
akakigeuza, akakigeuza tena,
akaniita nije nikae juu ya tandiko na soksi zangu za sufu.
"Unaona nini?"

Naona jiko. Naona taa, meza, msitu wa kijani uliokunjamana,
na mkono wake unafuta kwa mpira ile njia ya arobaini
aliyokuwa ameichora nilipokwenda kukojoa.

Kikaango, sawa, kije.
Lakini anakibeba yeye.

Sasa ameinama juu ya bahasha, midomo inahesabu.
Zimepungua zloti sita.
Tumesahau gundi.